Utupu Ulioitwa Puto

Kibondo, Septemba 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba bado unawasahihishia wajukuu Kiswahili hata wakiwa mezani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye hasira, nami sijui ni kiasi gani cha hasira hiyo ni haki yangu.

Kuna mwanafunzi wangu wa fizikia, Leokadia, binti wa kidato cha tatu kutoka Busunzu. Alibuni chombo cha angani kisichobebwa na gesi: ganda lililonyonywa hewa yote, ili liwe jepesi kuliko hewa inayolizunguka, lielee. Shida ni kwamba hewa ya nje hulibonda. Akachora ganda la tabaka mbili lenye mbavu katikati, akapiga hesabu, kisha akaandika wazi kwamba kwa metali tunazozijua lingepondeka. Baba, wapo wasomi wasiothubutu kuandika sentensi kama hiyo.

Maonyesho ya sayansi ya wilaya yalifanyika kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazazi. Kwa mahali pasipo hata hewa, kamusi ilinipa neno "ombwe". Darasani hakuna aliyelijua. Nikachagua "utupu". Kazi ikaitwa "Chombo Kinachopaa kwa Utupu". Iliposomwa, ukumbi ulicheka. Mzee mmoja alimuuliza jirani yake kama rubani naye atavua nguo. Baadaye niliambiwa kuwa hata kwa Kiha, lugha ya huku, neno la kukosa kitu ndilo la kukosa nguo. Nilipaswa kuuliza kwanza.

Hata hivyo alichaguliwa kwenda Kasulu, kwenye mashindano ya ngazi ya juu. Ndipo mkuu wa shule akaniita: nisaini barua ya kukiri kwamba nilitumia lugha isiyo na maadili, na kazi iitwe "puto", la sivyo binti haendi. Nilimweleza kuwa puto hujazwa, ilhali hiki huondolewa hata hewa iliyomo.

"Madamu, wewe saini tu," akasema. "Jina halirushi chombo."

Nikasaini. Nilijiambia ni kwa ajili yake.

Kule Kasulu, jaji alimuuliza puto lake linajazwa gesi gani. Leokadia alinitazama, kisha akajibu, "Halijazwi kitu, mheshimiwa."

"Puto lisilo na kitu si limenywea, binti yangu?"

Wakacheka tena. Akaondolewa kwa kusahau gesi. Tulipotoka nje aliniuliza, bila chozi, "Madamu, nilikosea wapi?" Nami, mwenye shahada, nikamwambia tuwahi basi.

Nimemkasirikia mkuu, nikawakasirikia waliocheka, na kila nikipima naona wao walisoma tu kilichoandikwa. Pengine hata "ombwe" lisingemwokoa, sina hakika. Lakini swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na saini yangu. Jana nilimjibu mbele ya darasa zima: hakukosea, niliyekosea ni mimi. Nikawaeleza nilichosaini na kwa nini. Mkuu amesikia, ananitaka ofisini Jumatatu, nikiwa na maandishi ya kukanusha. Sitakanusha.

Nisalimie Mama, na kaka fundi cherehani pamoja na mkewe. Shangazi, anayeniombea kila siku nihamishwe, mwambie jibu la dua yake huenda liko njiani, ila lisimfurahishe mapema.

Ni mimi binti yako, ambaye safari hii ameisoma barua mara mbili kabla ya kutia saini,

Rehema