Tumbawe Nililong'oa

Tanga

Mama waitu,

Shikamoo. Mgongo wako umepoa? Na Baba, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, tena nanenepa. Shangazi ananilisha wali wa nazi mpaka naota ndizi na maharage ya kwetu Ijumbi.

Uliniuliza kwenye simu nafanya nini baharini, nikaona aibu kueleza Shangazi akiwa pembeni. Tuko vijana kadhaa tuliojitolea kupima afya ya matumbawe. Ni kama bustani ya mawe chini ya maji, ila mawe hayo yana uhai. Tunatandika utepe juu ya mwamba, kisha tunaogelea polepole tukiandika kwenye kibao cha plastiki: yapi yana rangi, yapi yamepauka, yapi yamekufa. Kuogelea nilikojifunza ziwani kwa mjomba, kule Kemondo, kumenifaa sana.

Mzee Shaali, mwenye boti, hunitania kwa sababu siongei. Husema, "Mhaya gani huyu asiyejisifu? Au walikuokota njiani?" Mimi hucheka tu nikitazama maji.

Wiki iliyopita niliona tumbawe linaumwa. Mstari mweupe ulikuwa unapanda kutoka shinani, na majirani zake bado wazima. Mama, sikufikiri. Nilifanya kama tunavyofanya kibanjani mgomba ukipata mnyauko: nililing'oa lisiambukize mengine, nikapanda nalo botini nikidhani nitasifiwa.

Dada Zuhura, kiongozi wetu, alilitazama tumbawe mkononi mwangu. Huku hata kugusa tumbawe ni marufuku, na anayevunja hurudishwa nyumbani. Akaniambia nivue miwani ya mbizi. Machozi yalinitoka, maana tangu nimalize shule sijapenda kitu kama kazi hii. Ndipo Mzee Shaali akasema, "Sema, binti. Leo ndiyo siku ya kuwa Mhaya."

Nikasema. Nilieleza mnyauko ulivyomaliza migomba ya Bibi, na ulivyotufundisha kung'oa mgonjwa na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mzima. Dada Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tumbawe hukua taratibu mno, lingine hupona lenyewe, na mikono yangu ingeweza kubeba ugonjwa kwenda kwa mengine. Kazi yetu ni kutazama na kuandika. Basi nikabaki botini kushika kamba mpaka atakaponiita.

Jana aliniita. Nilishuka nimekunja mikono kifuani muda wote. Ila ameweka sharti: wakija wapya, mimi ndiye wa kuwaeleza kwa nini hatung'oi.

Wamekuja leo asubuhi. Nimesimama mbele yao, nikaeleza yote. Msichana mmoja akauliza swali, nami nikamjibu bila kuinamisha kichwa.

Nisalimie Baba, na Bibi anayeniombea rozari, na mdogo wangu anayechunga mbuzi. Shangazi naye anawasalimu nyote.

Mwanao anayekupenda,
Kokugonza