Mwisho wa Gemu la Kozue

Jumapili, 13 Desemba 2009

Kozue hajala tena. Mjukuu wangu ana miaka thelathini na moja, meno yote anayo, wali upo, supu ya miso ipo – yeye kaganda mbele ya kompyuta kama mjusi ukutani. Nikamwambia chakula kinapoa. "Sawa, Bibi." Sawa yake naijua. Haina miguu.

Gemu! Mwaka wa tatu huu. Kindege kinaruka, maadui wanamwaga risasi kama mvua ya mwezi wa sita hapa kwetu, basi. Alianza baridi ile tuliyomzika Mzee wangu. Yeye na Mizoguchi, yule mwenye kitambi anayemtungia muziki. Kiangazi waliuza diski ya kuonjesha, watu wakanung'unika: ngumu mno, tena haina mwisho. Sasa wamepata meza kwenye lile soko la kufunga mwaka kule Ariake, ambako kila mtu anauza alichotengeneza mwenyewe. Meza ni kwa kura. Kura mbili walikosa. Kasema safari hii likishindikana, anaacha kabisa.

Aache! Nilishamwambia zamani.

Alhamisi, 17 Desemba

Kozue kaenda kazini, duka la dawa. Nikaingia chumbani kwake kufagia. Kufagia tu. Nikagusa kitufe.

Loo! Risasi za waridi, za buluu, zinafunguka kama maua ya krisanthemamu. Nikafa. Nikafa. Nikafa.

Lakini kuna jambo. Adui mkubwa akitokea, kengele inalia. Ting – na mkwaruzo mwishoni. Mkwaruzo ule naujua! Ni kengele ya mlango wa mkahawa wetu, Mzee aliigonga kwa ngazi, kengele ikapata ufa. Mkahawa tulishaufunga, kengele sijui iko wapi. Huyu mtoto alinasa sauti yake lini? Kwenye mkahawa tulikuwa na meza moja ya gemu, yeye akipanda kreti la soda afikie vitufe. Nilidhani kasahau.

Kaficha nini kingine humo?

Jumapili, 20 Desemba

Mizoguchi kaja kula. Anakula vizuri, huyo simlaumu. Nikamwuliza Kozue kama sijali: mwishoni kuna nini?

"Mwisho wa nini, Bibi?"

"Wa hilo likelele lako."

Kozue kanitazama. "Fika mwenyewe."

Jeuri! Kamrithi nani, sijui. Mizoguchi kacheka mpaka supu ikamtoka puani. Nikamkemea, akaanza kunifundisha: "Mama, haifi ndege nzima. Roho yake ni ile nukta nyekundu katikati. Risasi zikipita mabawani, ziache zipite." Kumbe! Nilikuwa nakimbia bure.

Nikauliza, na mtu akibanwa na haja katikati ya vita? Si kuna kitufe cha kusimamisha? Wakanitazama kama nimekanyaga mkeka wa tatami na viatu. "Hatusimamishi, Mama. Bora ufe." Wendawazimu wote wawili.

Alhamisi, 24 Desemba

Kwenye gemu kuna mlango wa mazoezi, unaruka moja kwa moja hadi adui wa mwisho. Nondo mkubwa mweupe, yule kipepeo wa usiku. Mimi najibanza pembeni chini, kushoto, kama siku ya tetemeko. Nakufa polepole kuliko zamani.

Jumatatu, 28 Desemba

Balaa.

Diski za kuuza zimeshanakiliwa, makasha yamejaa ukumbini. Mimi nilikuwa na maharage meusi ya mwaka mpya jikoni, na nondo chumbani. Maharage yakitoka majini yanakunjamana, na mimi sijawahi kumpa mtu maharage yaliyokunjamana. Basi nikasimamisha gemu, nikakimbia kuongeza maji, nikarudi. Nikabonyeza liendelee. Wapi! Nondo kaganda, kengele inalia mfululizo, tiiiii, haikomi. Nikachomoa waya ukutani.

Mikono yangu ilikuwa na maji. Nimeua kompyuta?

Baadaye nikaiwasha. Imewaka. Nikashukuru, nikafagia, nikatoka. Sisemi kitu.

Jumanne, 29 Desemba

Asubuhi Kozue anapiga mluzi akibandika karatasi kwenye makasha. Mluzi! Tangu mazishi ya Mzee sijausikia. Nikamenya viazi vitano. Cha sita kikanishinda.

Nikamwambia: gemu lako limeganda mikononi mwangu, kwa nondo. Habari ya mikono yenye maji sikuitaja, ni yangu.

Nilingoja anikaripie kwa kuingia chumbani kwake. Akasema, "Bibi... umefika kwa nondo?"

"Kwani mimi sina vidole?"

Akatabasamu, kisha tabasamu likakatika. Wamejaribu mchana kutwa, yeye na Mizoguchi. Wamekufa makusudi, wamejibanza pembeni kama mimi. Haligandi! Mizoguchi kasema tuuze tu, labda ni umeme. Kozue kapandisha sauti: "Mtu apambane mpaka kwa nondo, halafu limgandie? Siuzi kibovu. Kosa lisipoonekana kesho, Ariake siendi. Na ndiyo basi, sitengenezi tena."

Mizoguchi hakuomba wali wa pili.

Jumatano, 30 Desemba

Soko ni kesho. Wamenikalisha kwenye kiti tangu asubuhi. "Cheza kama siku zote, Bibi. Ukianguka ndio vizuri, tuone linagandaje." Mmoja bega hili, mwingine bega lile, wanatazama vidole vyangu. Mizoguchi ananuka vitunguu.

Na mimi, nikitazamwa, siwezi kucheza vibaya! Sikuzaliwa hivyo. Nukta nyekundu ikapita kati ya risasi kama uzi tunduni. Nondo akabaki na damu kidogo, kijistari tu. Mimi nimebakiza ndege moja. Kozue kanong'ona, "Bibi, sasa kufa." Nife? Sasa? Nikiwa mlangoni kwa kile alichokificha?

Haja imenibana. Nikasimamisha, nikawaambia msiguse. Mizoguchi akashika kichwa: "Mama, katikati ya nondo!" Nikasema, mimi nina miaka sabini na sita, nyie subirini. Niko chooni. Kadaftari haka hukaa mfukoni mwa aproni.

Nitamwua nondo. Nione kwanza, ndipo nife wanavyotaka.

Mbona kimya huko?

Kengele. Inalia. Tiiiii, haikomi. Nani kagusa! Nilisema msiguse!

Mizoguchi anapiga kelele, sijui anacheka au analia. Miguu ya Kozue inakuja mbio. Yuko mlangoni.

"Bibi! Nimebonyeza tuendelee, limeganda! Juzi pia – juzi pia ulisimamisha?"

Nilikuwa nimebakiza kijistari kimoja.

"Bibi, nijibu!"

Mikono yangu ni mikavu kabisa; kumbe si maji yaliyoligandisha.