Zamu Yangu ya Kamera

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Katibu wa tawi alikuja studio asubuhi. Kasema ushirika hauna bosi wala mtumishi, kwa hiyo kazi ziwe kwa zamu. Dafroza atabaki mapokezi na sega lake na koti la kuwaazima wateja, maana ana mimba na dawa za kusafishia filamu zinamtapisha. Isidori aende chumba cha giza kusafisha filamu. Kamera nishike mimi. Mimi! Miaka yote nimekaa gizani kama popo.

Isidori kanuna. Studio aliianzisha yeye. Nilitaka kumwelekeza kidogo, akasema alikuwa anasafisha filamu mimi bado nanyonya. Haya, baba!

Jumatano, 7 Agosti
Mzee Magesa wa Nyamuswa kamleta mama yake, Bibi Wankyo. Wanahamishiwa kijiji kipya, anataka picha ya mama kabla nyumba haijavunjwa. Bibi hajapigwa picha maishani. Koti la Dafroza kalikataa — avae nguo ya mwenzake, wajukuu watamwona nani? Tulicheka sana. Kaniuliza kama mashine inauma. Nikamshika kidevu, akainua uso, akaikazia macho kamera kama mkwe aliyechelewa kuleta ng'ombe. Nikabonyeza.

Wakati wa kuaga Mzee Magesa alisema, "Asante, mpiga picha." Furaha imenishibisha, sikula.

Alhamisi, 8 Agosti
Filamu nzima nyeusi tii!

Isidori anasema nilifungua kamera vibaya, mwanga ukaingia. Uongo! Kwenye sinki la chumba cha giza nimekuta njiti ya kiberiti iliyoungua. Aliwasha aone saa, ahesabu dakika za filamu kwenye dawa! Mimi humo situmii saa, naimba wimbo wa kanisani polepole mpaka uishe. Hakuniuliza. Na mimi sikumwambia, nilitaka ataabike kidogo.

Dafroza alimwona akiingia na kiberiti. Kasema, "Usiniingize, Penina. Huyu akikasirikaga hasahau. Na tumbo hili nitaenda wapi?"

Tumempelekea Mzee Magesa ujumbe kwa kondakta wa basi: amrudishe mama, tumpige upya.

Jumatatu, 12 Agosti
Kikao. Katibu kauliza nani kaharibu filamu. Isidori kaninyooshea kidole. Dafroza anapitisha kidole kwenye meno ya sega lake. Nimeumia zaidi kwa kimya chake.

Katibu kaamua: Bibi akija nimpige tena mimi. Ikitoka nzuri, zamu ziendelee. Ikiharibika, kamera kwa Isidori moja kwa moja, nami gizani. Sawa. Na filamu nitasafisha mwenyewe!

Jumanne, 13 Agosti
Mzee Magesa kaja peke yake. Amenyoa kipara. Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

Bibi alifariki Ijumaa, wakiezua nyumba yake. Ujumbe wetu haukufika. Amefuata picha tu. Hawana nyingine.

Naandika nyuma ya pazia la studio. Amekaa kwenye kiti kile kile cha mama yake, kofia magotini. Isidori kajifungia chumba cha giza, eti ana kazi. Kazi gani? Hakuna filamu hata moja mle. Nasikia kiberiti kikikwaruza, anavuta sigara.

Dafroza kachungulia, macho yana machozi. Ananong'ona kwamba atasema aliyoyaona. Sasa? Tumwambie habari ya kiberiti, na mama yake yuko kaburini?

Mzee anauliza tena, kwa upole tu, "Mpiga picha yuko wapi?"

Isidori kasikia. Kiberiti kinakwaruza tena. Jina hilo nimelitaka miaka yote. Nimeshika pazia nitoke nimjibu, ni mimi —