Ukumbi Tumepewa, Watoto Hawaji

Tabora, mtaa wa Ng'ambo
Jumatano

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Habari za moyo utazipata ukiendelea kusomewa. Goti lako linaendeleaje? Na Shemeji, kile kikohozi cha vumbi kimemwachia? Dagaa na mawese uliyompa gadi wa treni yamenifika bila kupungua, nami nimeshangaa, maana gadi huyo namjua. Tumekula na wapangaji wenzangu, wakawasifu watu wa Ujiji siku nzima.

Uliniuliza habari za darasa langu la kuchora. Afadhali ungeniuliza jambo jingine, lakini umeuliza.

Kila Jumapili, ofisi ya mizigo ikifungwa, nilikaa barazani pangu na watoto wa mtaa, bila ada. Nilileta hati za mizigo zilizokwisha kazi, upande mmoja zimeandikwa, upande wa pili weupe. Wao walileta mkaa wa jikoni, chokaa, na udongo mwekundu. Wengi wao hawajawahi kuingia darasani. Wakubwa walifinyanga ng'ombe na treni, wadogo walijipaka usoni, nami nilikosa hata pa kukanyaga.

Alikuwapo binti mmoja wa miaka kama kumi na mitatu. Jina lake silitaji, utaona sababu. Huyu, Dada, alikuwa na jicho. Alimchora mama yake akipika vitumbua, na ukiitazama picha ile unajua kwamba mwanamke huyu ameamka kabla ya jogoo na mgongo unamuuma. Nimefungua vitabu vingi vyenye picha za wafalme wa Ulaya na farasi wao. Sijaona humo mgongo uliochoka namna ile.

Mvua zikakaribia, na baraza yangu huvuja. Hapa mjini pana ukumbi wa jamii ambao hushinda umefungwa, hufunguliwa Jumamosi tu kwa dansi la makarani. Nikaenda kuuomba. Bwana wa ofisi inayohusika alinisikiliza akiwa anatafuta kiberiti chake. Akaniambia watoto wa hapa wanahitaji jembe, si picha. Nikamuuliza kama na watoto wake kule kwao Ulaya aliwapa jembe. Karani wake alijificha nyuma ya faili acheke, mimi nikaonyeshwa mlango.

Basi nikaandika gazetini. Unanijua. Niliandika kwa usiku mmoja na sikufuta neno. Nilimchapa yule Bwana kuanzia kofia hadi soksi. Kisha, ili wakubwa waone haya, nikaeleza mtaa wetu ulivyo: watu wasio na kitu, watoto wanaolala bila kula. Nikaandika na haya: yupo binti wa muuza vitumbua wa stesheni, ana gauni moja tu, siku likifuliwa hashindi nje, lakini mkono wake ungewaaibisha wachoraji wa miji mikubwa. Mhariri aliichapa yote.

Hapa gazeti husomwa kwa sauti alasiri, penye kahawa. Anayesoma ni fundi cherehani, wengine husikiliza. Nami nilikuwapo, nikingoja sifa. Mwanzo walicheka mpaka machozi. Mwenye kahawa akanisogezea kikombe, akakataa senti yangu. Fundi akafika pale pa watu wasio na kitu. Kicheko kikakatika. Mwashi mmoja akasema, "Fundi, rudia hapo. Nani hana kitu?"

Fundi akarudia. Akaendelea mpaka kwenye gauni.

Mwashi akanigeukia. "Kumbe tunaishi na mwandishi wetu wenyewe, naye kazi yake kutuhesabia matambara."

Nikasimama, Dada. Nikawaambia ufukara si aibu ya fukara, ni aibu ya anayemtawala na kumtoza kodi. Nikawapa mifano ya nchi nyingine. Kila aliyefungua mdomo nilimfunga. Nilishinda kabisa. Walimaliza kahawa yao wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyeniaga.

Kesho yake watoto wa kisimani walimpa yule binti jina jipya, Gauni Moja. Walimwita hivyo akiteka maji, wakamwita hivyo akirudi. Siku ya tatu mama yake alikuja kwangu na chombo chake cha vitumbua kichwani. Nilimkaribisha, hakukaa.

"Mwalimu, ulichoandika ni uwongo?"

"Hapana, mama. Ni kweli tupu."

"Najua ni kweli. Gauni nalifua mimi. Kweli hiyo nilikuwa nimeifunika miaka yote. Wewe nani alikutuma uifunue?"

Nikaanza kumweleza kwamba serikali lazima isikie. Akanikata.

"Serikali haiteki maji kisimani kwetu," akasema, akaondoka.

Wiki ile ile akampeleka binti Usoke kwa mjomba wake, kwenye mashamba ya tumbaku. Jumapili iliyofuata walikuja watoto wawili. Iliyofuata hiyo, hakuja mtu.

Sasa sikia yaliyofuata. Barua ile gazetini ilifanya kazi. Mkubwa wa yule Bwana aliisoma, na mwezi huu nimeitwa nikapewa ufunguo wa ukumbi, bunda la karatasi safi na sanduku la penseli za rangi. Mhariri naye ananiomba niandike barua ya kushukuru. Sijamjibu.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wamenipokea vizuri, wamenipa kiti, wamenipa maji. Lakini kila nyumba niliyoingia, watoto wameenda kutafuta kuni. Kwa kuni zote hizo, msitu wa Sikonge ungekwisha kuwa uwanja. Jumapili mbili nimefungua ukumbi nikakaa peke yangu na meza zimepangwa.

Jumapili iliyopita nikaacha kufungua, nikachukua lile sanduku la penseli, nikapanda treni mpaka Usoke. Nilimkuta binti na wanawake wa pale kwa mjomba wakitunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu. Aliniamkia vizuri. Nikampa sanduku. Alijifuta vidole kwenye majani, akalifungua, akaitoa ya buluu, akaitazama ncha yake kwa muda mrefu, akairudisha mahali pake.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Na hii ya leo utaiandika?"

Nikamwambia hapana.

Akanirudishia sanduku kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha sahani ya jirani, akarudi kwenye vijiti vyake.

Hayo yalikuwa Jumapili. Leo Jumatano, na hii ni karatasi ya tatu. Nimekaa siku tatu nikijizuia kuyaandika, nimeshindwa. Bado naamini kila neno nililoandika gazetini, na yule Bwana nikikutana naye kesho nitamwambia yale yale usoni. Lakini yule mtoto aliniuliza swali moja tu, akanijua mpaka ndani.

Shemeji akimaliza kukusomea, itie barua hii jikoni iungue. Isitoke nje ya chumba chako.

Nisalimie shangazi Mwanaidi na biashara yake ya mawese, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama macho yake bado yanaona, binamu Hamisi wa bandarini Kigoma, na watoto wa marehemu kaka, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji mpe mkono wangu, na umwambie asome kwa sauti ya chini.

Mimi mdogo wako, niliyekupotezea usingizi tangu utoto wangu,

Ramadhani