Ujerumani ya Mtaa wa Pili

Dada Nevena mpendwa, nakuomba unisikilize, maana hapa mjini Vratsa sina wa kumwambia. Mimi na Plamen tuliachana mwezi wa Aprili, na binti yetu Zornitsa ana miaka minane, nikaona haya kumweleza, nikamwambia baba ameenda kufanya kazi Ujerumani, kwani nusu ya darasa lake baba zao wako huko huko na hakuna anayeuliza, na Plamen akakubali, kila Jumapili anapiga simu anasema huku kazi nyingi, kumbe amepanga chumba nyuma ya soko, dakika kumi kwa mguu. Mwanzo mtoto aliuliza kila siku baba atarudi lini. Septemba, tukichoma pilipili hoho za kuhifadhi kwenye chupa, nilimtuma sokoni alete chumvi, akarudi mikono mitupu, uso umempauka, akasema duka limefungwa, na tangu hapo hajauliza tena. Siku hizi simu ikija anamwuliza baba yake kwa adabu kama huko theluji imeanguka. Ila tumbo linamuuma kila asubuhi, na shuleni hafungui mdomo.

Mama yangu akasema, "Huyu kashtuka!" akampeleka kwa bibi mmoja anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mtoto ili hofu itoke, risasi ikaganda umbo la mbwa, mama akapiga makofi, "Si nilikwambia! Mbwa wa jirani Mitko huyo, ndiye aliyemtisha!" lakini tumbo liko vile vile. Sasa mshauri wa shule anataka kukaa na mtoto kila Jumatatu. Mama anasema, "Mpeleke uone, watamwandika kichaa, nani atamwoa?" Nami naogopa atatoa ya nyumbani. Nimpeleke, au nisubiri azoee?

Rositsa

Dada Nevena anajibu: Rositsa, pole. Kuachana kunauma, na sitakurushia mawe kwa hilo. Kwa mengine nitakugombeza.

Soma barua yako mwenyewe. Duka gani sokoni hufungwa msimu wa pilipili? Mtoto amemwona baba yake, mama. Akarudi nyumbani, akakutazama, akaamua kunyamaza usije ukaumbuka. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu ilikuwa dakika kumi kwa mguu. Mbwa wa Mitko mwombeni radhi.

Mpigie Plamen leo. Jumapili hii asishike simu, aje mlangoni mwenyewe, na mama yako siku hiyo abaki kwake. Kaeni wote wawili mmwambie: tumeachana, tulikudanganya, si kosa lako, na siku za kulala kwa baba ni hizi. Mzitaje siku. Akilia, alie. Akiwakasirikia, mmestahili, na msimzibe mdomo kwa chokoleti.

Mshauri wa shule haandiki mtu kichaa. Atampa kalamu za rangi na atamsikiliza, basi. Unaogopa atatoa ya nyumbani? Atayatoa, ndiyo kazi ya chumba kile. Tangu Septemba anayabeba peke yake, na tumbo limechoka.

Jumatatu mpeleke. Mkifika mlangoni mwambie, "Humu sema lolote, hata kunihusu mimi." Kisha mwache aingie, wewe ubaki nje.