Ng'ombe wa Dukicha na Moto wa Pasta Mwaro

Kulesa,
kupitia Garsen,
Tana River.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Janet,

Pokea salamu za baba yako mdogo Iha, mzima wa mwili na mzima wa maneno. Je, hali yako huko Doha? Kile kifua kilikuacha? Wenye nyumba wanakupa siku ya kupumzika? Nasikia joto la huko linakaanga yai juu ya gari, lakini wewe ni mtoto wa Tana, joto mmejuana zamani. Sisi huku wazima, na mama yako mdogo anasema umekonda kwenye picha, ule.

Mpunga mwaka huu umekubali. Wangu umepanda juu mpaka niliingia kufukuza ndege nikapotea humo ndani, ikabidi waje kunitafuta kwa kuniita. Watu wametoka Ozi kuja kuutazama.

Sasa nyanya yako, maana najua ndiye unayemtafuta katika barua hii. Kwenye simu nilikwambia nusu, mtandao ukakatika. Kaa chini usome yote.

Siku tuliyomzika baba yako, ndugu yangu Masha, wewe ukiwa umenyimwa ruhusa, Pasta Mwaro alishika maikrofoni akasema mlevi aliyekufa bila kuokoka ameingia moto usio na mwisho. Akasema huko miaka elfu ikipita bado ni asubuhi ya siku ya kwanza. Akamtaja Masha kwa jina. Nyanya yako hakulia. Alijifunga leso yake vizuri, akarudi nyumbani, akaniambia nisimwamshe tena Jumapili.

Pasta alipokuja kumtembelea alimwambia, "Mwanangu, hiyo mbingu yako nakuachia. Nikae huko nikila vizuri na mtoto wangu anaungua, nitakuwa mama wa aina gani?" Mwezi wa saba akashikwa na homa, akakataa kuombewa. Akaniagiza akifa tumlaze kando ya Masha, bila pasta, bila wimbo. Mwanamke aliyebatizwa kabla mimi sijazaliwa, Janet. Nikaona huyu mama atatuondokea akiwa amenuniana na Mungu.

Basi nikamkabili Pasta. Wajua niliacha shule darasa la sita, lakini ni kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza ya kunifundisha. Tulikutana hotelini pale stendi ya Garsen. Mimi nikasema Mungu anaadhibu, sawa, lakini adhabu ina mwisho, na mwishowe wote watarudi kwake. Yeye akanipiga na andiko la kondoo na mbuzi wa siku ya hukumu. Mimi nikampiga na yule kondoo mmoja aliyetafutwa hadi akapatikana.

"Iha," akasema, "kama wote wataokoka, mimi nahubiri nini? Si watu wanywe mnazi wao walale?"

"Na wewe mkeo ulimposa kwa kumwonyesha fimbo?"

Basi la Lamu lilizima injini, abiria wakashuka na mizigo yao kusikiliza. Pasta akasema, "Mke wangu muache. Wale Masha aliowapiga akiwa amelewa, wao hawana haki?" Hapo alinibana, maana mkono wa baba yako tuliujua sote. Lakini nilijinasua. Yeye anasema alishinda yeye. Abiria wa Lamu wanajua.

Nyanya yako nilipomhadithia ushindi wangu alisema, "Mmemaliza chai?" Akageukia ukutani.

Kilichofuata hakikutoka kinywani mwangu, nakwambia kweli. Kiangazi hiki ng'ombe wameshuka mtoni kwa wingi, na mmoja wa Dukicha, yule jirani yetu mfugaji, Muorma, aliingia mpunga wa Pasta akaulaza wote upande mmoja. Pasta akamkamata akamfunga kwake. Wajua desturi yetu: ukimfunga mnyama wa mtu, unamlisha na kumnywesha wewe mpaka mwenyewe aje na wazee muelewane. Dukicha naye alikuwa mbali, ng'ambo ya mto, akitafuta wengine waliopotea. Pasta wetu akawa wa kukata nyasi na kubeba madumu ya maji, suti imetundikwa.

Halafu ng'ombe mwenyewe akaanza kuzaa pale pale, ndama amekaa vibaya. Mkewe Dukicha, Abdia, akaja mbio, nami nikaitwa, maana katika wakulima wote wa hapa mpaka Ndera hakuna anayejua ng'ombe kama mimi. Abdia akaingiza mkono, mimi nikavuta. Nilivuta mpaka mti niliouegemea ukang'oka mizizi. Pasta alikuwa ameshika kichwa cha ng'ombe, anampapasa, anamwambia, "Pole mama, pole, karibu kwisha." Ndama akatoka hai.

Nyanya yako alikuwa amejikongoja na mkongojo wake kuja kutazama. Akauliza, "Pasta, huyu si ndiye aliyekula mpunga wako?"

"Ndiye, mama."

"Utamfunga mpaka lini?"

"Mpaka Dukicha aje. Tutaelewana, amchukue."

"Na asipokuja?"

"Atakosaje kuja? Ni ng'ombe wake."

Nyanya yako akamtazama, kisha akauliza polepole, "Na Masha ni wa nani?"

Pasta aliachia kichwa cha ng'ombe. Abdia aliinamia ndama akajifanya anampangusa.

Kesho yake Pasta alikuja kwetu bila tai. Akasema, "Mama, fundisho langu sijaliacha. Moto upo, nimeusoma. Lakini juu ya Masha nilisema kama mwenye mali ni mimi. Sijui alipo. Nisamehe."

Nyanya yako akasema, "Sasa tunaweza kuomba."

Tukaenda kaburini. Kanisa la Pasta haliombei wafu, lakini alisimama, kofia mkononi. Nyanya yako akaomba kwa Kigiriama, si maneno mengi: "Huyu ni wako. Kama wa kupigwa, mpige, halafu umrudishe nyumbani." Pasta akasema amina, na haikuwa ya chinichini.

Dukicha alirudi, wazee wakakaa, mambo yakaisha kwa kicheko. Yule ndama ni dume, amemwita Mwaro. Pasta anajifanya hasikii.

Nyanya yako anakula vizuri na Jumapili ananiamsha yeye. Amesema nawe umwombee baba yako hivyo hivyo, humo humo jikoni kwa watu, usiulize kama inaruhusiwa.

Msalimie binti ya mzee Kalla unayekaa naye. Ndugu yako Griffin na mama yako mdogo wanakusalimu, na Abdia pia. Mungu akutunze uendako na urudiko, akuletee ruhusa ya Desemba.

Ni mimi nikupendaye pasipo kupunguza,
Baba yako mdogo,
Iha