Kwa Mjomba Aliyelikata Sinia la Mama

Mjomba Hamadi,

Siianzi barua hii kwa shikamoo. Mama angenigombeza, lakini haandiki yeye.

Unaikumbuka meza ya jikoni kwetu Walthamstow, ulipolikata sinia la mama la harusi? "Stenlesi haishiki kutu," ulisema. "Miaka yote linapakuliwa pilau na achari, halina hata doa." Ulitaka vipande viwili vya kupitishia umeme ndani ya maji, tutoe hidrojeni kwenye maonyesho ya sayansi ya shule yangu. Kisha ukamimina chumvi kwenye maji.

Nilikuwa nimesoma maktaba. Nikakwambia kwa sauti ndogo kwamba umeme ukipita, maji ya chumvi huila stenlesi upande wa chanya na kutoa gesi ya sumu. Ulicheka. "Mtoto wa London unifundishe chumvi mimi, Mpemba?" Nikaikoroga chumvi kama ulivyotaka. Kwetu mkubwa hakosolewi, hata akiwa mjinga.

Siku ya maonyesho maji yaligeuka rangi ya kutu, yakanuka kama bwawa la kuogelea, mwalimu akakimbilia madirisha. Kipande kimoja kilikuwa kimeliwa matundu. Ukamgeukia mama mbele ya watu wote: "Mwanao hakuviosha vyuma, dada."

Wiki ile ile ukahamia Leicester. Mama alikuamini. Akakataa kuitia saini fomu yangu ya kuchagua masomo. "Kemia iache, mwanangu. Kuosha tu kumekushinda."

Kwanza nilikuchukia. Baadaye nikaona chuki ni heshima kubwa mno kwako.

Nikamwomba mwalimu vipande vya nikeli, nikaviweka kwenye maji ya soda ya kufulia, nikamleta mama maabara. Mapovu yalipanda, maji yakabaki maangavu. Kisha nikampa mama vijiko viwili vya stenlesi, akaviosha kwa mikono yake mwenyewe, nikavipitishia umeme kwenye maji ya chumvi, madirisha yakiwa wazi. Hazikupita dakika nyingi, maji yakachafuka.

"Hamadi huyo," alisema mama. "Ndivyo alivyo tangu mdogo." Akaomba kalamu.

Jana ulipiga simu kuuliza nilitumia chuma gani, uwaonyeshe jamaa zako huko. Ni nikeli, mjomba, kwa soda ya kufulia, si chumvi. Waambie umegundua mwenyewe, sitabisha. Ila fuata maelekezo vizuri, maana huko Leicester huna mtoto wa kumsingizia.

Kwaheri ya kuonana,
Mpwa wako